Ruhusa ya Ini

Goti likiharibika, mtaa mzima unajua. Watu wanakuona unavyoshuka kwenye daladala, unavyoegemea ukuta kwenye ngazi, unavyobaki kitini peke yako msibani wakati wenzako wote wameketi mkekani. Kila mmoja ana dawa ya kukupa: mafuta ya kuchua, majani ya kukandia, jina la kidonge kilichomsaidia shemeji yake. Ini halina watu wa kuliuliza hali. Linaweza kuliwa na ugonjwa miaka ishirini, mwenyewe unalima, unafundisha, unazaa, na husikii kitu, kwa sababu nyama yake haihisi maumivu. Kinachouma ni utando wake wa nje tu, na huo nao mpaka uvutwe.

Mimi ninavyo vyote viwili, ini lenye makovu na goti la kubadilishiwa, na ninawaandikia wale ambao goti limeshaanza kuwapigia kelele huku ini limenyamaza. Si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini sugu aina ya B, na Afrika ina fungu kubwa la watu hao. Umri unaomaliza gegedu za magoti hauko mbali na umri ambao makovu ya ini huanza kudai haki yake.

Ugonjwa wangu uligunduliwa nilipokwenda kuchangia damu, kama wanavyogundulika Watanzania wengi, maana damu ya mchangiaji hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende kabla haijaingia kwa mgonjwa. Kirusi cha B hakimtendei mtoto na mtu mzima sawasawa. Mtu mzima akikipata, mara nyingi mwili hukifukuza. Wanaobaki nacho hawafiki watano katika mia. Mtoto mchanga akikipata kwa mama yake, tisa katika kumi hubaki nacho. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002, wakati sisi tulikwisha kuwa watu wazima wenye watoto. Nilianzishiwa tenofovir, kidonge kimoja kila siku. Kinakizuia kirusi kuzaliana ingawa hakikiondoi. Makovu yaliyokwisha kujengeka kwenye ini nimebaki nayo.

Makovu hayo yana maana kubwa kwa mtu anayetaka kupasuliwa mguu, hata kama mguu uko mbali na ini. Damu inayotoka matumboni hupita kwenye ini kabla ya kufika moyoni. Ini likishakuwa gumu, damu husukumwa kurudi nyuma. Bandama huvimba na kuzizuia ndani yake chembe sahani ambazo ndizo huziba jeraha. Mishipa ya umio hutuna. Zaidi ya hapo, protini nyingi zinazogandisha damu hutengenezwa na ini lenyewe, na zile zinazozuia damu isigande kupita kiasi nazo hutoka hapohapo. Ndiyo maana mgonjwa wa ini anaweza kuvuja damu leo na kesho akapata bonge la damu mguuni. Nilikuwa nimezoea kudhani ni moja kati ya hayo mawili. Daktari wa ini alinieleza kwamba mizani bado ipo, ila imekuwa nyepesi, na kitu kidogo tu huiinamisha upande wowote.

Daktari wa mifupa alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. "Shikamoo, mwalimu," alisema, na kabla hajaligusa goti alikuwa ameshafungua faili langu la kliniki ya ini. Nilimpenda kwa hilo. Kisha akaweka eksirei ukutani penye taa. Upande wa ndani wa goti la kulia hapakuwa na nafasi tena. Mfupa wa paja ulikuwa umekaa juu ya mfupa wa muundi, na pembeni vimeota vijipembe vya mfupa.

"Kuhusu goti sina swali," akasema. "Linahitaji kubadilishwa. Lakini mama, mimi ni wa goti tu. Ruhusa lazima itoke kwa ini."

Ruhusa hiyo ina namna yake ya kuombwa. Mwaka 1964 madaktari wawili wa Michigan, Child na Turcotte, walipanga alama za kupima uwezo wa ini la makovu kustahimili upasuaji. Mwaka 1973 Pugh na wenzake wa London wakazirekebisha. Zinatazamwa hali tano: bilirubini, albumini, muda wa damu kuganda, maji tumboni, na akili kuchanganyikiwa. Kila moja hupewa pointi, jumla huanzia 5 hadi 15, na mgonjwa huwekwa kundi A, B au C. Hesabu za zamani za upasuaji wa tumbo huko Marekani zilionyesha kwamba wa kundi A alikufa kama mmoja katika kumi, wa B watatu katika kumi, wa C zaidi ya saba katika kumi. Goti si tumbo, na huduma za leo si za wakati ule, kwa hiyo namba hizo hazihamishiki kama zilivyo. Mpangilio wake lakini haujabadilika: ukitoka kundi moja kwenda jingine unaingia nchi nyingine kabisa, na madaktari wengi hawatakubali kumbadilishia goti mtu wa kundi C hata akiwa anatambaa.

Nilikuwa kundi A. Na hapa ndipo penye jambo linaloniuma, hata leo ambapo langu limekwenda vizuri.

Sisi tumelelewa na subira. Mwanamke wa Tanga anayelalamika goti huambiwa avumilie, uzee ndio huo. Naye huvumilia, na watu humsifu. Hata wataalamu, tena kwa sababu nzuri, hupenda kungoja: goti bandia halina haraka, anza na mazoezi, punguza uzito, rudi maumivu yakizidi. Kwa mtu mwenye ini zima shauri hilo ni jema. Kwa mtu mwenye makovu ya ini, mlango uko wazi sasa hivi, wakati bado anajiweza, wakati majirani wanamwona anaweza kungoja. Akisubiri mpaka goti limlaze kitandani, huenda ini nalo limeshuka kundi, na daktari yuleyule aliyemwambia "bado" anamwambia "haiwezekani tena". Kati ya hayo maneno mawili hapakuwa na siku hata moja aliyoambiwa "sasa". Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki na watu wa namna hiyo. Hawakufanya kosa lolote ila kuwa wavumilivu kama walivyofundwa.

Na uvumilivu huo hauendi mikono mitupu. Unaendeshwa na diklofenaki ya duka la dawa, mbili asubuhi, mbili jioni, bila cheti. Dawa za jamii hiyo, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, huzima kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Kwa bahati mbaya kemikali hizohizo ndizo zinazoiweka wazi mishipa ya figo ya mtu mwenye makovu ya ini. Ukizizima, figo hukosa damu. Tumbo nalo huchubuka na kuvuja, kwa mtu ambaye tayari ana mishipa iliyotuna na chembe sahani chache. Diklofenaki ina sifa nyingine mbaya ya kuliumiza ini lenyewe moja kwa moja. Jambo la kushangaza ni kwamba wagonjwa wengi wa ini niliokutana nao wanaiogopa parasetamo kama sumu na kuimeza diklofenaki bila wasiwasi. Ukweli uko upande wa pili: parasetamo, isipozidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500, ndiyo dawa ya kwanza ambayo madaktari wa ini humpa mtu kama mimi. Mtu mzima mwenye ini zima huruhusiwa hadi gramu 4. Laiti maneno haya yangebandikwa kwenye mlango wa kila duka la dawa.

Sisemi kwamba kungoja kote ni kubaya. Mimi mwenyewe niliwekwa kando kwa miezi kadhaa baada ya uamuzi kufanyika, na nilikubali kwa moyo mmoja kwa sababu kila wiki ya kungoja ilikuwa na kazi yake. Nilipitishiwa mpira wenye kamera mpaka kwenye umio, na mishipa iliyotuna ikafungwa kwa vijipira isije ikapasuka. Meno mawili yaliyooza yaling'olewa, maana usaha wa jino huweza kusafiri na damu mpaka kwenye goti jipya. Na nililishwa. Zamani wagonjwa wa ini walikatazwa protini. Leo inajulikana kwamba marufuku hiyo iliwamaliza misuli. Nilitakiwa kula mayai, maharage, dagaa, maziwa ya mgando, na kitu cha mwisho kabla ya kulala, kwa sababu ini lenye makovu haliwezi kuweka akiba ya sukari, na usiku mmoja bila chakula kwake ni kama siku mbili tatu za njaa kwa mtu mwingine. Kwa sababu hiyohiyo niliombewa niwe wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi ya upasuaji, nisikae na njaa mpaka saa nane mchana.

Kitu ambacho madaktari wote waliniambia kwa sauti ileile ya chini ni maambukizi. Mtu wa kwanza kujulikana aliyejaribu kubadilisha goti zima alikuwa Themistocles Gluck, daktari wa Berlin, mwaka 1890. Mgonjwa wake alikuwa ameharibiwa goti na kifua kikuu cha mfupa, na bawaba aliyomtengenezea ilikuwa ya pembe za ndovu. Ilikuwa miaka ileile ambayo wapagazi walikuwa wakizishusha pembe Bagamoyo, na Unguja ilikuwa soko lake kubwa. Nimelifikiria sana jambo hilo: kitu kilichobebwa mabegani kwa miezi, kilichokatiza maisha ya watu wengi njiani, kufikiriwa kuwa kinaweza kumfanya mtu atembee tena. Magoti ya Gluck hayakudumu. Hayakushindwa kwa kukosa nguvu; yalishindwa kwa sababu ya usaha. Kitu kigeni kikishawekwa mwilini, bakteria wakakishika, dawa hazifiki vizuri, na mara nyingi dawa ya kweli ni kukitoa. Ini ndilo huchuja sehemu kubwa ya bakteria wanaoponyoka matumboni kabla hawajaenea mwilini. Likiwa na makovu, wengine wanapita. Ndiyo maana watu kama mimi goti jipya hutunga usaha mara nyingi zaidi kuliko wengine, na ndiyo maana niliulizwa mara nyingi, na watu mbalimbali, kama nimeelewa hatari hiyo. Nilielewa. Nikasaini.

Sikulazwa usingizi kamili. Daktari wa usingizi alizihesabu chembe sahani zangu, akaridhika, akanichoma ganzi ya uti wa mgongo. Kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilisikia msumeno, kisha nyundo, mapigo mafupi yenye mpangilio, na mwili wangu wa juu ukitikisika kidogo kwa kila pigo ilhali chini hakuna maumivu hata chembe. Kisha ikaja harufu kali ya saruji ya mfupa, ambayo huchanganywa palepale na kukauka baada ya dakika chache, na chumba kizima kikanyamaza wakati wanaishikilia mpaka igande. Nilikuwa nimewaeleza mapema, wote, mpaka mhudumu wa kusukuma kitanda, kwamba nina homa ya ini B. Nawajua watu wanaoficha wakiogopa kukataliwa. Wale wanaoshika visu na sindano wana watoto nyumbani, na kirusi hiki huweza kubaki hai nje ya mwili siku saba. Hakuna aliyenikataa. Nesi mmoja mwenye umri wa kunikaribia alinishika bega akasema, "Ahsante dada kwa kutuambia," kisha akaendelea na kazi yake.

Siku zilizofuata, goti lilikuwa na walinzi wake na ini lilikuwa na wake. Wa goti walinisimamisha kesho yake kwenye fremu ya kutembelea. "Kunja, mama. Kunja tena. Kidogo tu. Haya, kunja." Maumivu yale sina haja ya kuyapamba, yalikuwa makali kuliko ya uzazi, kwa upande wangu. Na palikuwa na sindano ya kila siku ya kuzuia damu kuganda, wakati huohuo wakikagua bandeji isije ikawa inalowa, ile mizani nyepesi ya daktari wa ini sasa ikishikiliwa na mikono ya watu.

Wa ini walikuja na maswali yanayoonekana ya kitoto. Mtu wa kawaida baada ya upasuaji huo hupewa dawa kali za jamii ya mofini bila kubania. Kwa mwenye makovu ya ini dawa hizo hukawia kutoka mwilini, na hufunga choo. Choo kikifungwa, amonia inayozalishwa matumboni hupanda kichwani, na mtu huanza kuchanganya mchana na usiku, kisha majina, kisha hajui alipo. Kwa hiyo nilipewa dozi ndogo, na laktulosi ya kulainisha choo kila siku. Kila asubuhi daktari alinitaka ninyooshe mikono mbele, viganja vimesimama, vidole vimetanuliwa, nikae hivyo huku akitazama kama inapepea. Halafu: leo siku gani? Mjukuu wangu aliyekuwa akinilinda aliushika mtihani huo. Nikizinduka saa tisa usiku namkuta ananiangalia. "Bibi, nyoosha mikono. Leo siku gani?" Nilinyoosha. Nilimwambia siku. Akalala tena juu ya kanga yake sakafuni. Ana miaka kumi na saba, na alikuwa akililinda ini langu kwa umakini ambao mimi mwenyewe sikuwahi kuligaia.

Goti jipya halirudishi kila kitu, na hilo linafaa kusemwa kabla, si baada. Mengi ya magoti haya hukunjika kiasi cha nyuzi 110 hadi 120. Hiyo inatosha kwa kiti, kwa ngazi, kwa kupanda basi. Kuchuchumaa kunataka zaidi ya 130. Nina mashaka kama wahandisi waliobuni magoti ya mwanzo ya kisasa, New York katika miaka ya 1970, walimfikiria mtu anayekaa juu ya mbuzi ya nazi. Nyumbani kwetu kukuna nazi ni kazi ya kukaa karibu kabisa na ardhi, magoti yamepanda juu kando ya kifua, sinia mbele ya miguu. Sasa anakuna mjukuu. Choo cha kuchuchumaa tumekiwekea cha kukalia. Mkeka wa msibani sitarudi kuukalia, ninaletewa kiti, na kiti msibani humtenga mtu na mazungumzo yanayoendelea chini karibu na magoti ya watu. Hiyo ni hasara, wala sitaiita jina jingine.

Swala ndiyo ilinisumbua kuliko yote. Dini imetoa rukhsa, na nilikuwa naijua rukhsa hiyo kabla sijaihitaji: asiyeweza kusujudu aswali ameketi. Saumu nayo daktari wa ini alikwisha kunizuia, kwa sababu ya ile akiba ya sukari. Mtu aliyefunga na kusujudu tangu utotoni, akaambiwa vyote viwili amesamehewa, anabaki na utulivu fulani ambao mwanzoni unafanana na kunyang'anywa. Ilinichukua muda kuona kwamba ingawa nilikuwa nikipigania goti ili nirudi kwenye sijda, nilichorudishiwa ni kwenda msikitini kwa miguu yangu. Kabla ya upasuaji sikuwa naweza hata hilo.

Kuna hesabu moja iliyokuwa ikinirudia wodini. Tafiti kubwa za nchi tajiri zinaonyesha kwamba magoti bandia zaidi ya manane katika kila kumi hudumu miaka 25. Nilikuwa nimewekewa kiungo kinachoweza kunizidi umri, ndani ya mwili ambao ini lake hakuna daktari atakayeliwekea dhamana ya miaka mitano. Ndugu yangu mmoja alisema waziwazi kwamba ni upotevu: goti zuri kwa mtu mgonjwa, fedha nyingi hizo, na wapo wazima wanaolisubiri. Sikubaliani naye na nilimwambia. Mtu mwenye makovu ya ini akilala kitandani kwa sababu ya goti, misuli yake huyeyuka, na misuli ndiyo hulisaidia ini kuiondoa ile amonia. Kutembea kwangu ni sehemu ya matibabu ya ini langu. Hata pasingekuwa na hilo, bado ningemjibu vilevile: miaka niliyo nayo, iwe mingi au michache, sioni kwa nini niipitishe kwenye kiti kando ya dirisha kwa sababu si ishirini na mitano.

Goti la kushoto nalo limeanza. Mdogo wangu ananiambia, "Dada, umevuka salama mara moja, mshukuru Mungu uishie hapo." Ninamshukuru. Ultrasaundi yangu ya kila miezi sita, ile ya kutafuta kama saratani imeanza kwenye makovu, ni mwezi ujao. Damu itachukuliwa siku hiyohiyo, na wiki inayofuata nina kliniki ya mifupa. Kwa vipimo vya mwisho bado niko kundi A. Majibu yakiwa vilevile, nitamwomba yule kijana anipangie tarehe.